Wa Gichagi

Juma hili vibarua wamechimba mtaro wa bomba mbele ya nyumba yetu hapa mjini Nyeri, na ile harufu ya udongo mwekundu uliolowa ikanirudisha utotoni. Halafu binti yangu wa miaka saba akamwangalia kibarua mmoja aliyejaa matope, akacheka. "Ati huyu ni wa gichagi."

Nilimshika sikio. Ngoja niwaambie kwa nini.

Mimi nililelewa gichagi, kule Tetu. Gichagi ni kijiji, basi. Tusi liko wapi hapo? Lakini shuleni, watoto wa wenye mashamba ya chai walilitema neno hilo kama punje ya mahindi iliyooza. Wa gichagi alikuwa mtu wa viroboto, asiye na ng'ombe, aliyebaki kwenye vibanda vilivyobanana wakati wenzake wamekwenda kujenga mashambani mwao.

Siku moja nilisahau chakula nyumbani. Mama akaniletea, miguu mitupu, matope hadi magotini, mkanda wa kikapu cha kiondo umemchora kipaji cha uso. Wasichana wakaniuliza, "Nani huyo?"

"Mama mmoja tu wa gichagi," nikajibu.

Alisikia. Aliweka viazi vitamu juu ya jiwe la langoni, akaenda zake.

Jumamosi alinipa jembe, akanipeleka kwenye handaki la zamani lililozunguka kijiji, pale tulipozoea kuteleza. "Chimba."

Nilichimba mpaka viganja vikapasuka.

"Hapo umefika wapi? Sisi wanawake tulilichimba kuzunguka kijiji kizima, ili wapiganaji wa msituni wasitufikie, nikiwa na dada yako mgongoni. Unadhani tulikuja huku kwa kupenda? Wakati wa vita vya Mau Mau askari wa wakoloni walichoma nyumba zetu, wakatusukuma hapa kwa bunduki. Baba yako alikuwa kizuizini, mashamba yakapimwa yeye hayupo. Waliotusimamia na kiboko walichukua shamba letu, na watoto wao ndio wanaokufundisha kutukana."

Hebu fikirini. Mtu akunyang'anye shamba, halafu akucheke kwa kukosa shamba.

Mama hakunipiga. Ila hakukanyaga tena shuleni. Nikisahau chakula, nilikikuta kando ya njia, mbali na lango, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Nilidhani ana haraka ya kazi. Nilipopata mtoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akinisaidia kumficha yeye.

Jumamosi nampeleka binti yangu kwa cucu, bibi yake. Lile jembe bado liko. Na mimi nitachimba pia.