Valvu Ambayo Mkono wa Orville Haukuifikia

Bernice Tomczak ana mikono miembamba mpaka bangili ya mtoto inampwaya, na kwa miaka thelathini mikono hiyo ndiyo iliyokuwa rula ya karakana yetu. Hapa Milwaukee tunatengeneza makabati ya vioo ya kuonyeshea jibini, samaki na keki. Si yale ya kiwandani yanayofanana kama mayai. Ya kwetu kila moja lina ukorofi wake. Maseremala hujenga kwa mapenzi, na wakishamaliza ndipo hukumbuka kuwa duniani kuna kitu kinaitwa baridi, na baridi haiji bila paipu. Kazi ya Bernice ni kuchora paipu hizo zipite palipobaki, mahali ambapo hata panya angebisha hodi kwanza.

Mchoro wake hauendi kwa fundi mpaka ajenge kiolezo cha plaiwudi chenye ukubwa ule ule, apange ndani mpira wa bustani badala ya shaba, kisha aingize mkono mpaka begani. Mkono ukigusa kila ungio, mchoro umepita. Kompyuta anayo na anaijua kuliko sisi sote. Husema tu kwamba haina kiwiko.

Januari akaja Ludmila Wieczorek, mwenye duka la keki. Alikuwa na kabati la mti wa jozi ambalo marehemu baba yake alilijenga kwa ajili ya mikate, kioo cha mbele kimepinda vizuri kama shavu. Alitaka litiwe baridi kabla ya ile Jumanne ya kuamkia Kwaresima, siku ambayo mtaa mzima hupanga foleni kununua maandazi ya Kipolandi, na yale ya krimu hayavumilii joto. Sharti lake lilikuwa moja: usikatwe ubao hata mmoja wa baba. Tukishindwa kufikia Jumamosi ya kabla yake, ataagiza kabati la chuma, na hili litakwenda mji wa Racine kwa dada yake, ambaye alishatangaza kuwa litamfaa kwa viatu.

Chini ya rafu kulikuwa na inchi tano na nusu. Humo viingie koili ya kupoza, feni, mfereji wa kutoa maji ya barafu inayoyeyuka, na paipu mbili, nene na nyembamba. Bernice alichora wiki tatu. Hakuunganisha kona, alikunja paipu zenyewe, maana kila ungio ni mlango wa gesi kutorokea, na huwezi kuwasha moto wa kuchomelea ndani ya mbao zilizokauka miaka sitini. Paipu nene akaiinamisha kuelekea kompresa, pampu inayosukuma gesi, ili mafuta yake yarudi kwao. Mtambo wote uliunganishwa mezani, na Jumatano, dukani kwa Ludmila, ukasukumwa ndani ya kabati kwa nyuma kama droo. Uliingia bila kukwaruza. Tukapiga makofi kama watu waliofanya kazi hiyo wenyewe.

Tulipowasha, upande mmoja uliota barafu na mwingine ukabaki vuguvugu. Jambo la kawaida. Kwenye valvu inayopeleka gesi ndani ya koili kuna skrubu, unaizungusha kidogo na mambo yanakaa sawa. Fundi wetu Orville Lindqvist akalala kifudifudi, akaingiza mkono. Ukakwama. Mkono wa Orville, tusisengenyane, ni paja lenye vidole. Fundi aliyemtangulia alikuwa mwembamba kama Bernice, ndiyo maana kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuliona kosa hili la kupimia mkono wake tu.

"Mama," akasema bado yuko sakafuni, "hii valvu ulimwekea nani?"

"Fundi."

"Fundi yupi? Mimi nina huu tu. Sikuja na mkono wa akiba."

Bernice, mwenye miaka sitini na nne na goti la chuma, akalala yeye. Mkono ukapita, skrubu ikazunguka, na baada ya saa moja kabati zima lilikuwa na baridi moja. Ludmila akambusu mashavu yote mawili. Sisi tukaanza kufunga vifaa, lakini Bernice alibaki amekaa sakafuni, akisema kazi haijaisha.

Ludmila alimkumbusha kwamba baridi ipo na Jumamosi iko mlangoni. Bernice akajibu taratibu kwamba yeye anastaafu mwezi wa Mei.

"Siku likigoma utaita fundi. Mkono hautaingia. Ataomba msumeno, Ludmila, na siku hiyo mimi sipo wa kumzuia."

Ludmila akautazama mkono wa Orville, akautazama ubao wa baba yake. Kisha akasema tuutoe mtambo.

Usiku na mchana havikututosha. Bernice alimpima Orville kwa futi ya fundi cherehani, kiganja, kiwiko na pale panapovimba, huku akimwambia, "Tulia wewe pandikizi, sikushonei kanzu." Akajenga kiolezo kingine. Koili akaigeuza kichwa kiwe miguu ili valvu ielekee mlango wa nyuma. Sasa paipu nyembamba ikakosa njia, na kwa nusu siku akausogeza mpira wa bustani huku na huku. Mwishowe akaipitisha chini ya mfereji wa maji, upande ule ulioinuka, ambako hakuna aliyefikiri pana nafasi. Paipu hiyo ina uvuguvugu, kwa hiyo ikawa pia inazuia maji ya mfereji yasigande.

Jumamosi mchana Orville akaingiza mkono, akaifikia valvu. Bernice akamlazimisha aifikie mara tatu amefumba macho, Ludmila akiwa amesimama na trei ya maandazi, akiuliza kama hii ni keki au jeshi.

Mei akastaafu. Agosti, siku ya joto kali, kabati likagoma. Orville akaenda peke yake, akalitengeneza kwa dakika ishirini, ubao haukuguswa. Mimi ndiye niliyempigia Bernice simu kumpa habari, nikidhani atashangilia. Akauliza:

"Kwa hiyo hakuwa hata na swali dogo la kuniuliza?"

Nikamwambia hapana. Akasema vizuri, tena kwa sauti ya mtu aliyenuna, akakata simu.