Namba Iliyobaki Rongai

Mume wangu alipofariki, ndugu zake walikuja siku iliyopangwa kugawana vitu vyake, kama inavyofanywa kwetu. Koti lilienda kwa mjomba wake, viatu vya mvua kwa binamu, na laptopu ikaenda kwa kaka yake wa Rongai, kwa sababu binti yake alikuwa anaanza chuo. Nilikubali, tena kwa moyo. Mimi nilibaki na ngazi, koleo la kubania kebo, na wateja.

Wateja wetu wako mtaa wa Rhonda. Mume wangu alikuwa ananunua intaneti laini moja na kuigawia ploti za jirani, zile nyumba za kupanga zilizojengwa kwenye kiwanja kimoja. Swichi, kile kisanduku kinachogawa kebo, iko juu ya paa la ploti moja, ndani ya sanduku la bati. Kebo moja inabeba mitandao ya ploti zote, na kila mtandao una namba yake ili isichanganyike. Aliponieleza mara ya kwanza alinikumbusha mikebe ya maziwa ya nyumbani kwetu. Yote inapanda gari moja, lakini kila mkebe umepakwa namba ya mwenyewe, na karani hapokei mkebe usio na namba.

Yeye alijitengea namba moja isiyo ya mteja yeyote. Laptopu isiyobeba namba hiyo, swichi haiijibu, hata ukiwa na paswodi. Alifanya hivyo ili mpangaji mjanja asichomeke kebo na kuanza kuvuruga. Paswodi aliniachia. Namba hakuniambia, maana ilikuwa imeshawekwa ndani ya laptopu yake na ikifanya kazi bila mtu kuifikiria.

Mvua ilipoanza, radi ilipiga na kuunguza tundu moja la swichi. Nyumba za nyuma za ploti ile ile, ya mzee mwenye lile paa, zikakosa intaneti. Nilihamishia kebo yao kwenye tundu lililokuwa wazi. Taa iliwaka, lakini intaneti haikuja, kwa kuwa swichi haikuwa imeambiwa tundu lile ni la mtandao gani. Ilibidi mtu aingie ndani yake na kuiambia.

Mzee alinisimamisha langoni.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini wapangaji wanaongea. Kuna vijana wa kampuni ingine wameshakuja kupima paa."

"Nipe mpaka Jumapili, mzee."

"Jumapili nikitoka kanisa, kama bado, nitawaita."

"Kama bado, waite."

Nilijua nilichokuwa nasema. Nikikosa lile paa, nimekosa ploti zote.

Nilienda mjini kwa fundi mmoja wa kompyuta. Hakuinua macho kutoka kwa kazi yake.

"Bonyeza kitufe ya riseti, mathe. Itaanza upya."

"Na namba za zile ploti zingine?"

"Zinaenda zote. Unapanga tena."

"Nani anapanga?"

"Si ni wewe mwenye kampuni sasa," akasema, na wenzake wakacheka.

Sikubonyeza. Mpango ule wote ulikuwa kazi ya mikono ya mume wangu, ploti moja baada ya nyingine, na sikuwa tayari kuufuta kwa kidole. Nilirudi juu ya paa, nikachomeka kebo kwenye laptopu yangu, nikaingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Aliwahi kunionyesha pale: kuna mstari ulioandikwa VLAN ID, na mbele yake unaweka namba. Nilijaribu mwaka aliozaliwa. Nilijaribu mwaka tuliooana, kisha namba ya nyumba yetu. Swichi ilinyamaza. Namba zinazowezekana ni maelfu.

Jumamosi nilienda Rongai na sukari na majani ya chai. Shemeji alikuwa anaanika mahindi juu ya turubai.

"Karibu, shemeji. Umekuja kuangalia kama tumekula ile laptopu?"

"Nimekuja kuiona tu. Siibebi."

"Hata ungebeba. Hiyo kitu ilikuja ikiwa imeharibika. Haishiki kebo."

"Ni ukweli, anti," binti yake akasema. "Kule hosteli wote wanachomeka kebo wanapata. Mimi nakula bando ya simu."

"Haijaharibika," nikawaambia. "Imefungwa kwa kazi ingine. Inabeba namba ambayo kebo ya hosteli haiijui."

Msichana aliiweka mezani, nami nikafungua ule mstari. 217. Kusema kweli, nilikuwa nimetumaini itakuwa na maana, siku fulani yetu, kitu ambacho ningekitambua. Haikuwa chochote. Ilikuwa namba ambayo mtu hangeikisia, na hivyo ndivyo alivyotaka.

"Sasa unaitoa?" msichana akauliza.

Nilitaka kumwambia aiache. Picha na faili zote za mume wangu zilikuwa zimeshafutwa kupisha masomo, na ile namba ndiyo iliyobaki ambayo yeye mwenyewe aliiweka. Lakini mtoto alikuwa anakosa kebo kwa sababu ya namba hiyo.

"Itoe wewe," nikasema. "Weka sifuri."

"Na wewe?"

"Nimeishika."

Akaweka sifuri, akabonyeza OK. Nilikunywa chai yao, nikaondoka.

Jumapili nilipanda juu ya paa watu wakiwa bado kanisani. Nilichomeka kebo, nikaandika 217 kwenye laptopu yangu. Kadi ilizima, ikawaka. Nilifungua ukurasa wa swichi, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, ukaniomba paswodi. Nililiambia lile tundu mtandao wake. Nikahifadhi, nikakagua tena, nikahifadhi tena.

Dirisha moja la nyuma likafunguka, mpangaji akachungulia. "Imerudi, mathe. Sasa usiguse kitu tena."

Mzee aliingia langoni akiwa na suti, akanitazama juu.

"Mama, leo ni Jumapili."

"Ndiyo, mzee. Angalia simu yako."

Aliitoa mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Shuka basi, hayo mabati yanateleza."

Nilifunga sanduku, nikashuka. Ile namba sijaitoa. Laptopu yangu sasa haishiki kebo nyingine yoyote, na watu wakiniambia imeharibika, nawaambia iko kazini.