Kijiji Kilichobandikwa Nyuma ya Ramani

Bi Kalamu alikuwa amebakiza siku tano astaafu, na kwa siku tano mtu anaweza kujikaza hata kama amekalia kaa la moto. Ndivyo alivyojiambia Jumatatu asubuhi alipomkuta tena yule fundi baiskeli kwenye benchi la nje ya chumba cha ramani, grisi imemwingia kwenye kucha, bahasha ya kaki mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si nilikwambia Ijumaa? Ramani ya zamani haimo. Droo nimezipekua zote."

"Nimekuja uzipekue tena."

Alizipekua tena mbele yake, droo ishirini pana za kabati la bati, kila moja na lebo aliyoiandika kwa mkono wake. Herufi zake ndizo zilizompa hilo jina la Bi Kalamu. Wapima ardhi walikuwa wakisema mashine ikiona mwandiko wake itaomba likizo. Alitoa shiti moja ya ramani baada ya nyingine, na kila aliyoitoa haikuwa yenyewe.

Shida ya fundi ilikuwa hii. Alhamisi saa tatu asubuhi bodi ya ardhi ingeketi kwenye ukumbi wa jirani kuamua kesi ya kilima kilichoko juu ya mto. Ramani iliyokuwa ikitumika ilionyesha kilima kile ni msitu mtupu, na kwa ramani hiyo hiyo kilikuwa kimetangazwa hifadhi miaka thelathini nyuma. Watu waliokuwa wakiishi huko, fundi na mama zake wadogo na watoto wake wakiwemo, waliitwa wavamizi. Wasipothibitisha kwamba walikuwepo kabla ya hifadhi, nyumba zao zingebomolewa mwezi ule ule.

"Bibi yangu alichota maji kwenye kisima cha mawe pale juu," fundi alisema. "Wapimaji wa kwanza walipiga kambi kando yake, wakanywa maji yake. Hawakukosa kukichora."

"Walikichora," alisema Bi Kalamu. "Nadhani walikichora."

Fundi alimtazama. Mtu anayetafuta tundu dogo kwenye tairi siku nzima hujifunza kutazama. "Umewahi kukiona, mama?"

"Ramani ni nyingi, baba. Nenda, nitakuita."

Sasa tusimwonee huyu mama, lakini tusimpambe pia. Aliposema ramani haimo kwenye droo, alisema kweli. Haikuwemo. Alichonyamazia ni kwamba alijua ilipo, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka. Ilikuwa ukutani, mita mbili kutoka alipoketi, nyuma ya ile ramani kubwa ambayo kila mgeni wa ofisi alikuwa akiisifu.

Miaka thelathini na moja nyuma, akiwa msichana mwenye mkono mwepesi, alipewa kazi ya kuchora ramani mpya kwa kufuata picha za angani. Picha zilipigwa kutoka juu, na kilimani miti ilikuwa minene, kwa hiyo paa hazikuonekana. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: kitu kikiwa kwenye ramani ya zamani na kwenye picha hakipo, mtu aende kwa miguu akatazame. Mpima ardhi mkuu alikwenda, mvua ikamkuta njiani, gari likazama kwenye tope. Alirudi mchana, amelowa, anatetemeka kwa homa, na wachapishaji walikuwa wakisubiri.

"Andika imehakikiwa," alimwambia. "Kiangazi tutakwenda."

Akaandika. Pambizoni, chini kulia, palikuwa na kisanduku kidogo, humo akaandika kwa mkono wake: *Imehakikiwa uwandani*. Akatia tiki na tarehe. Vile vijumba vyeusi ishirini na vitatu vilivyokuwemo kwenye ramani ya zamani, njia ya nukta nukta na duara la buluu la kisima hakuvichora. Kukifuta kijiji hakukuhitaji hata kifutio, ilitosha kuinua kalamu. Kiangazi kilikuja kikapita, mpima ardhi mkuu akahamishwa, na hakuna aliyekwenda. Kisha ikaja siku ya kubandika ramani mpya ukutani, kitambaa cha kuishikilia kikawa kimekwisha, na kama ilivyokuwa desturi ya ofisi, alichukua shiti za zamani akazipaka gundi ya unga wa ngano zikawa ndizo kitambaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwake ilikuwa imefika miaka thelathini na moja na bado ilikuwa inatembea.

Jumanne mkuu wa ofisi aliingia, kijana mtanashati ambaye Bi Kalamu ndiye aliyemfundisha kusoma mistari ya miinuko.

"Mama, kesho saa sita vijana watakuja na mkokoteni. Makaratasi yote yanakwenda kuchomwa. Kila kitu kimo kwenye kompyuta siku hizi."

"Hata ya ukutani?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza. Nataka ukuta upakwe rangi, Ijumaa tunakuagia humu humu. Na cheti chako kimefika!" Akatabasamu kwa furaha ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi. "Kimeandikwa *utumishi usio na doa*. Nimekitilia fremu."

Angenyamaza tu. Hakuhitaji kusema uongo mwingine wala kuchoma kitu kwa mkono wake. Saa sita ya kesho ingemfanyia kazi yote.

Jioni alimkuta mumewe kwenye cherehani, pini mdomoni, akipindua ukosi wa shati. Mzee huyu alikuwa na utani mmoja ambao majirani wote waliujua: mke wangu anaijua milima yote kwa vimo vyake, ila hajapanda hata mmoja. Siku hiyo alipoufungua mdomo aurudie, Bi Kalamu alimkatisha, akamweleza yote akiwa amesimama, mkoba ungali begani.

Mume alitoa pini mdomoni moja moja akazichoma kwenye kimto chake cha sindano.

"Nguo ikikaa vibaya," alisema, "fundi huijua kabla ya mwenye nguo."

"Na wewe ukiijua unafanyaje?"

"Nafumua, mama watoto. Hata kama mwenyewe ameshaisifu."

Jumatano saa moja na nusu asubuhi Bi Kalamu alikuwa chumbani peke yake, mlango ameufunga kwa ufunguo. Aliishusha ramani, akailaza kifudifudi kwenye meza, akaanza kulowesha mgongo wake kwa tambara la maji ya uvuguvugu. Gundi ya ngano hulainika ikibembelezwa, lakini ukiiharakisha hunyofoka na karatasi. Na yeye alikuwa na haraka. Aliingiza wembe butu chini ya ukingo, akainua upana wa kidole, akasubiri, akainua tena. Jasho lilimdondoka puani, akalipangusa upesi lisiharibu kitu.

Saa tano na nusu kitasa kilitikiswa.

"Mama! Tumeleta mkokoteni!"

"Si mlisema saa sita?"

"Tumemaliza huko kwingine."

"Nusu saa, wanangu! Nusu saa tu!"

Mkono ulimruka, na karatasi ikachanika. Moyo nao ulimchanika. Alifumba macho, akafumbua. Mchaniko ulikuwa umepita kwenye mto, haukufika kilimani. Akaendelea kwa vidole vitupu, akivuta pole pole, mpaka shiti nzima ilipoachia, akaigeuza. Vilikuwepo. Vijumba ishirini na vitatu, njia ya nukta nukta, duara la buluu, na jina la kijiji kwa herufi za mlazo, kana kwamba hakuna aliyewahi kuvigusa. Alilia kidogo, bila sauti.

Aliikunja kwa uviringo, akaifunga ndani ya kanga yake, akafungua mlango. Vijana wakabeba yaliyobaki. Fundi baiskeli alikuwa kwenye benchi.

Alipoonyeshwa ramani, fundi alinyoosha kidole lakini hakuigusa, kwa sababu ya grisi. "Kijumba hiki hapa karibu na kisima," alisema. "Hapa ni kwa bibi." Akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mama, umetuokoa!"

Bi Kalamu alijua lile ambalo fundi hakulijua.

Na Alhamisi likasemwa. Ofisa wa misitu, mtu wa suti na sauti ya upole, aliitazama ramani ya zamani akatikisa kichwa kwa heshima.

"Mheshimiwa mwenyekiti, ramani hii hatuikatai. Kijiji kilikuwepo. Lakini nakala hii ya ramani mpya, hapa pambizoni, inasema imehakikiwa uwandani. Kuna tiki, kuna tarehe. Maana yake mtu alipanda kilima kile, akatazama, akakuta watu wamekwisha kuhama. Hawa wa leo walikuja baadaye."

Fundi alimgeukia Bi Kalamu, uso umemshuka, kama anayemwuliza: hii nayo ni nini?

Bi Kalamu alikuwa safu ya pili, mkoba mapajani. Mkuu wake alikuwa kando yake. Angeweza kubaki ameketi. Ramani si ameileta? Nani angemdai zaidi ya hapo? Mwenyekiti alikwisha chukua kalamu aandike uamuzi. Aliinuka, akashika kiti cha mbele.

"Hakuna aliyepanda," alisema.

"Wewe ni nani, mama, na umejuaje?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ni mtunza ramani. Tiki hiyo ni yangu. Mvua ilinyesha, gari likakwama, nikaambiwa niandike, nikaandika. Nilikuwa nimekaa mezani."

"Mama!" mkuu wake alimvuta mkono kwa kunong'ona. "Kaa chini."

"Nimekaa vya kutosha, mwanangu."

Mwenyekiti aliagiza Bi Kalamu apewe karatasi, aandike maneno yale mawili ya pambizoni. Aliyaandika. Karatasi ikawekwa kando ya pambizo, wajumbe wote watano wakainama. Mkono ulikuwa mmoja, na ulijulikana ofisi nzima kwa uzuri wake. Mwenyekiti alisimamisha ubomoaji, akaagiza kilima kihakikiwe Jumamosi, safari hii kwa miguu, na mtunza ramani awepo.

Nje, mkuu wa ofisi alipita bila kumtazama. "Ijumaa hakuna sherehe," alisema. "Na cheti nitakirudisha."

Fundi alikuwa akimsubiri kwenye ngazi. Bi Kalamu, tuseme ukweli, alitarajia shukrani.

"Mama yangu mzazi alikufa mwaka juzi," fundi alisema. "Alikufa akiitwa mvamizi, kwenye nyumba aliyozaliwa. Na wewe Ijumaa ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Niwie radhi, baba."

"Radhi si ya kuombwa hapa kwenye ngazi. Njoo uiombe kule."

Jumamosi alipanda. Mumewe alikwenda naye, amembebea chupa ya maji, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakutania. Njia ilikuwa pale pale penye nukta. Walipumzika mara nne. Wajumbe walitangulia, na alipofika juu, pumzi zimemwisha, watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kusanyika penye kisima cha mawe, wengi kuliko alivyodhani, watoto mbele.

Hakuna aliyemkaribisha. Fundi alisimama na mama zake wadogo, mikono nyuma.

"Mimi ndiye niliyewafuta," alisema Bi Kalamu. "Sikuja kuangalia. Naomba mnisamehe."

Mmoja wa mama wadogo aliteremsha ndoo, akaivuta, akachota kwa kikombe cha bati akampa. "Kunywa kwanza," alisema. "Kisha uhesabu."

Alikunywa. Alizunguka nyumba kwa nyumba mpaka alasiri, akarudi akaitandaza ile nakala ya ramani mpya kwenye ukingo wa kisima, akachora vijumba vyeusi thelathini na tisa, akaandika pambizoni: imehakikiwa uwandani. Mkono ulikuwa umechoka, na herufi zikatoka vibaya. Aliziacha hivyo.