Meno Manne ya Mama Mkwe

Mwaka ule nilikuwa na diploma ya uuguzi niliyoipata juzi tu, ndoa ya miezi minane, na hofu ya kila kitu. Nilichemsha koleo za daktari mara mbili, halafu njiani kurudi nyumbani nikajiuliza kama kweli nilizichemsha. Siku mama mkwe aliposhuka kwenye lori lililotoka kwao Mitwaba, uso umefungwa kitambaa, nilikimbilia nyuma ya nyumba. Hiyo haikuwa hofu, ilikuwa heshima. Kwetu mwanamume hamwangalii mama wa mke wake usoni, wala hasemi naye, wala hali naye, mpaka siku atakapompelekea jembe na kuku, naye ampikie, wale pamoja. Jembe nilikuwa nalo. Siku yenyewe niliiahirisha: viti havitoshi, kuku bado mdogo, wajomba hawajajibu barua.

Kwa mwezi mzima tuliishi nyumba moja ya cité, mtaa wa Waafrika, bila mimi kuujua uso wake. Nilikohoa kabla ya kuingia uani, naye akageukia ukuta. Habari za ugonjwa nilizipata kwa mke wangu: mama anaumwa upande wa kulia, mama hawezi kutafuna bukari, ugali wetu, mama analia. Nikasema ni meno. Nikampeleka kwenye hospitali nilikofanya kazi.

Daktari, mzungu mwenye haraka lakini asiye mbaya, hakujua lugha zetu; wagonjwa walisema naye kupitia kwangu. Nilisimama dirishani, nimempa mama mkwe mgongo.

“Unaongea na miti?” daktari akaniuliza.

Nilimweleza desturi kwa kifupi. Alicheka, akainua mabega. Mama mkwe naye hakunisemesha mimi. Alisema na kabati la dawa.

“Weye kabati, ambia munganga: hii kitu inakuyaka mara moja, kama radi. Inanipiga apa, inapita mpaka apa, halafu inakwisha. Hata kitambaa ikinigusa, inarudia.”

Hapa wapi? Nilisikia mkono wake ukipita juu ya kitambaa. Ningegeuka kidogo tu, ningekiona kidole kikianzia kando ya pua na kushuka mpaka kidevuni. Sikugeuka. Nikasema kwa Kifaransa: jino la juu, kulia. Lile la radi nililiacha. Niliona aibu kulipeleka mbele ya mzungu. Niliogopa atasema watu wetu hawajui kueleza ugonjwa bila ushirikina, na mimi, pamoja na diploma yangu, ni mmoja wao.

Daktari aligusa shavu, mama akapiga kelele. Jino likatoka. Maumivu yakabaki. Katika miezi ile ya baridi, vumbi na upepo, alirudi mara tatu zaidi, na kila mara mimi dirishani, na kila mara jino moja.

“Baba, mama anaogopa hata upepo,” mke wangu aliniambia. “Ananawa nusu ya uso.”

“Ni kidonda ya jino.”

“Kidonda gani inangojaka kitambaa iguse, njo iume?”

“Weye unajua uganga?”

“Apana. Miye niko na macho.”

Usiku na mchana nikawaza. Labda koleo hazikuchemka. Labda usaha umeingia mfupani. Labda ukoo wa mke wangu utasema nimemharibu mama yao. Niliwaza kila kitu isipokuwa kugeuza kichwa.

Mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kupanga majarida ya daktari, yaliyofika kutoka Ulaya yakiwa yamechelewa. Katika moja nilisoma habari za maumivu ya neva ya uso. Huja kama radi, upande mmoja, kwa sekunde chache. Huamshwa na upepo, mguso, kutafuna. Mwandishi alionya kwamba wagonjwa wengi hung'olewa meno mazima kabla ya mtu kutambua. Kisha akaeleza kwamba kaskazini ya Ulaya mpasuaji mmoja ameanza kuelekeza miale myembamba ya eksirei kutoka pande nyingi, ikutane yote kwenye kifundo cha neva hiyo ndani ya kichwa. Hakuna kisu, hakuna damu. Nilianza kusoma nimesimama, nikamaliza nimeketi sakafuni.

Siku tatu nilitunga sentensi na kuzifuta. Siku ya nne nikampa daktari jarida, nikamwambia habari za radi.

Alisoma, akalifunga jarida. Mashine ya namna ile, alisema, haiko hapa, wala hajasikia kwamba iko kwao Ubelgiji. Yetu inapiga picha za mapafu tu. Lakini angeweza kujaribu sindano ya alkoholi kwenye neva. Shavu litakufa ganzi, na maumivu huenda yakatulia mwaka mzima au zaidi.

“Alisema radi tangu lini?” akaniuliza.

“Tangu siku ya kwanza.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili hiyo nikapeleka jembe na kuku, yule yule mdogo. Mama mkwe akapika, tukaketi, ndipo nikamwona. Alikuwa na uso wa mke wangu, ila shavu la kulia limezama. Katikati ya chakula mkono wake ukasimama hewani, jicho likafumba, machozi yakashuka. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na mbili. Ikapita, akamega bukari tena.

“Mama,” nikasema, “ile meno yote ine ilikuwa mizima. Ni miye nilisema mubaya.”

“Radi uliisikia?”

“Niliisikia.”

“Na ukaiacha?”

“Niliiacha.”

Nilimweleza habari za miale na za sindano. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Ile mwangaza ya Bulaya, inakata?”

“Haikati, mama.”

“Iko huku?”

“Haiko.”

“Basi huku kuko sindano. Ya kuingia mu uso.”

“Ndiyo. Itafika pa fasi yenyewe ya maumivu.”

“Hata jino mulisema vile.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Mke wangu alimbembeleza, nami nikapiga magoti.

“Mukwe, simama. Kuku ilikuwa muzuri. Sindano, apana.”

Jumanne alipanda lori kurudi Mitwaba. Daktari alikuwa ameshaweka sindano kwenye sinia. Nilipomwambia amekataa, aliuliza kama nilimweleza vizuri. Nilisema ndiyo, safari hii uso kwa uso, bila kuacha neno. Akafunika sinia, akaita mgonjwa mwingine.

Barua za Mitwaba, anazoziandika shemeji kwa niaba ya mama, hunisalimu kwa heshima, kama mkwe aliyeleta jembe. Kuhusu uso hazisemi kitu. Mke wangu huzisoma kwanza, kisha hunipa. Nimemwandikia mama mara tatu. Kila mara nimeuliza habari za mvua, na za mihogo.