Ukimya Mbele ya Daktari

Kiingereza nilijifundisha kwa simu, nikiwa nimejifunika blanketi kwa baridi ya kijijini kwetu Daudi. Kilichonitesa zaidi ni kale kaneno "the". Kwenda sokoni kanawekwa, kwenda kulala hakawekwi: "go to bed". Ukikaweka, nilisoma, ni kama mtu anakiendea kitanda kukitazama tu, siyo kulala. Jambo dogo, lakini lilinitoa jasho. Mimi nikikosea neno moja mbele ya watu, usiku sipati usingizi.

Siku niliyompeleka bibi hospitali mjini Mbulu, daktari alikuwa mgeni, mama wa Kizungu asiyejua Kiswahili zaidi ya shikamoo. Muuguzi aliyekuwa akimtafsiria aliitwa wodini, tukabaki watatu. Daktari akauliza mguu unauma wakati gani. Nikamtafsiria bibi kwa Kiiraqw, lugha yetu.

"Nikienda kulala," akajibu.

Nikafungua mdomo, nikaufunga. "To bed" au "to the bed"? Jibu nilikuwa nalijua, hofu ikalifuta. Nikainamisha kichwa, nikaangalia sakafu, nikatafuta.

Bibi akanishika mkono. Kwetu aliyebeba habari za msiba haropoki. Hukaa, huangalia chini, hunyamaza mpaka wenyewe waelewe.

"Mjukuu wangu, amekuambia nini?"

"Hajasema kitu, bibi."

"Usinifiche, mimi ni mtu mzima. Yule ng'ombe mwekundu apewe mama yako. Mjomba wako asipewe, atamuuza kabla sijaoza."

Hapo nikaogopa kitu kingine kabisa: kwamba nitamuua bibi yangu kwa kunyamaza. Nikamgeukia daktari, nikasema chochote kilichokuja: mguu, usiku, kitanda, maumivu, maneno yakigongana. Kama "the" ilikuwemo, sikumbuki. Daktari akaitikia kwa kichwa, akalibonyeza goti, akaeleza kwamba limechakaa kwa umri na kuna vidonge vya kutuliza.

Nikamwambia bibi palepale. Hakuamini.

"Habari njema haiwezi kukaa kinywani muda wote ule," alisema. "Muulize kama ninakufa."

Nikauliza upesi, bila kupanga. Bibi hakunitazama mimi. Alimkazia macho daktari, mpaka yule mama alipotikisa kichwa na kucheka. Ndipo alipouachia mkono wangu.