Safi na Fifi

Kwa siku tatu mizani ya pamba pale Kasoli ilining'inia bila karani wake, na wakulima wakakalia mizigo yao. Nyanjige, mkewe, aliwaambia kuwa mumewe ana malaria. Jina alilolitaja daktari, ugonjwa wa hofu, lingemwondoa kazini. Karani huyo huvuta nyuzi za pamba kwa vidole viwili, hutamka "safi" kwa pamba nzuri au "fifi" kwa iliyo duni, bila kupandisha sauti, na daraja akishalitamka halibadilishi, hata pamba iwe ya baba mkwe. Dawa nazo alizipanga hivyo hivyo. Wiki mbili za vidonge vya hospitali, moyo ulimwenda mbio mara nne, akajiona anakufa. Wiki mbili za unga wa mizizi kwenye uji, alilala fofofo. Vidonge akaviita fifi, akaviacha. Jumatatu aliporudi kwenye mizani, akakaa chini mbele ya watu, ameshika kifua; ndipo zikaanza zile siku tatu.

"Baba Kulwa," Nyanjige alimwambia hospitalini, mbele ya nesi, "zile wiki za mizizi mvua ilinyesha, kituo cha pamba kikafungwa. Ulikuwa nyumbani unabangua karanga."

Karani alisugua vidole viwili kwa muda mrefu.

"Nafuta daraja," alisema.

Sasa hivi yuko kwenye foleni ya dirisha la dawa, mtu wa tano.