Nilimuua Sipriani kwa Kubonyeza "Unganisha"

Msimu uliopita wa kilimo nilimuua mtu. Sikumgusa. Nilibonyeza tu "Unganisha".

Kesho yake majirani walifika kwake na unga na kuni za msiba. Marehemu mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango.

Naitwa Emiliani. Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kampuni ya pembejeo hapa Songea, ofisi ya Mjimwema. Kampuni ilikuwa imeungana na nyingine ya Namtumbo, na kila moja ilikuja na mfumo wake wa kompyuta wenye majina ya wakulima. Kazi yangu ilikuwa kuifanya mifumo hiyo kuwa mmoja.

Niliipenda kazi ile. Niliamini kabisa kwamba taarifa zikiwa safi, hakuna mkulima mdogo atakayesahaulika.

Kanuni niliyoiandika ilikuwa rahisi. Jina moja, kijiji kimoja, mwenzi mmoja wa ndoa: huyo ni mtu mmoja.

Mfumo wa Songea ulisema: Sipriani Mbano, mke Getruda, amefariki.

Mfumo wa Namtumbo ulisema: Sipriani Mbano, kijiji hicho hicho, mke Getruda, anasubiri mbolea.

Kompyuta ikawafanya mmoja. Ikafuta mgao wa mbolea, kisha ikawatumia wanakikundi wenzake rambirambi. Ujumbe ulikuwa umeandikwa vizuri sana.

Sipriani alikuja ofisini na buti zenye udongo. Kijana wa rika langu.

"Kaka, mimi ndiye marehemu," alisema. "Mahindi yameshaota, mbolea sina. Nikichelewa tena, mwaka huu nyumbani hatuli."

Nikampeleka kwa meneja, mzee Hironimus. Alitazama skrini, akamtazama Sipriani, akarudi kwenye skrini.

"Pole sana," akamwambia.

"Ya nini, mzee?"

"Hapa panaonyesha msiba."

Nikajaribu kumtetea. Mzee akatikisa kichwa.

"Emiliani, marehemu hapewi mbolea. Alete ndugu amthibitishe."

Sipriani akarudi kesho yake na bibi kizee mwenye mkongojo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Jina lako nani?"

"Getruda."

Nikakaa vizuri kwenye kiti. "Na huyu kijana ni nani yako?"

"Mume wangu," akajibu bila kupepesa macho.

Mzee Hironimus akavua miwani. Sipriani alikuwa anaangalia feni, kama mtu aliyezoea.

"Bibi, mume kabisa?" nikauliza.

"Sipriani wa kwanza tulimzika. Huyu ni mjukuu wake, ndiye aliyerithi jina. Anayenipasulia kuni ni yeye. Anayenigombeza nisipokula ni yeye. Ulitaka nimwite shemeji?"

"Na kule Namtumbo, siku ya kuandikishwa?"

"Nilimsindikiza. Karani aliniuliza kama wewe, nikamjibu kama nilivyokujibu. Akaandika. Nikasema moyoni, huyu mtoto hana hata utani."

Nikawatenganisha marehemu na mzima, na siku hiyo hiyo Sipriani akapakia mbolea yake kwenye pikipiki.

Kisha nikaipitia kazi yangu upya. Namtumbo ilikuwa na vijana wengi waliooa bibi zao, na kadhaa nilikuwa nimeshawazika. Nikawafufua wote.

Bibi Getruda alikuwa bado mlangoni, akimsubiri Sipriani.

"Na wewe, Emiliani ni jina la nani?"

"La babu, mzaa baba."

"Bibi yako yupo?"

"Yupo, anakaa mtaa wa Lizaboni hapa mjini."

"Mpigie."

Nikampigia hapo hapo. Akapokea kama anavyopokea tangu nilipopata simu yangu ya kwanza.

"Nambie, mume wangu. Umekula?"

Nimeitwa hivyo maisha yangu yote. Na ile kanuni niliiandika mwenyewe.

Ukitaka kuunganisha taarifa za watu, nenda kwanza ukawasikilize wanavyoitana nyumbani. Ukiona ni mbali, anza na kwenu.